Ebenyo Hakutaka Kusimama

Ukitaka kumpata Ebenyo mahali watu wamekusanyika, usianze na wanaume waliokaa mbele. Fuata moshi. Pale moshi inakoelekea, pale hakuna mtu anataka kukaa, utamkuta mwanaume mrefu amejikunja juu ya kigoda chake, macho mekundu, anakohoa polepole asije akasumbua mtu. Huyo ndiye Ebenyo mwana wa Lomorukai. Ukimwuliza mbona anakaa kwa moshi, atakuambia moshi inafukuza nzi.

Mrefu vile, na bado alikuwa fundi wa kutoonekana. Kazi yake ilikuwa wachimani, mlinzi wa usiku, kwa hadiwea ya Mama Wanjugu, duka la vifaa vya ujenzi pale Lodwar. Mama Wanjugu mwenyewe, ambaye alishuka kutoka Nyeri na lori moja ya mabati na akasahau kurudi, alikuwa akiwaambia wateja kwamba ameshaona wachimani wengi, lakini huyu ndiye wa kwanza anayeweza kumwomba mwizi msamaha. Mchana, wakati wachimani wengine wamelala, Ebenyo alikuwa anabeba simiti. Akimaliza simiti anaosha gari. Akimaliza gari anapeleka mtoto shule, anarudi na kuku wa chakula cha jioni. Mama Wanjugu si mtu mbaya. Lakini mwenye biashara akipata mtu asiyejua kusema hapana, utamlaumu nani?

Wanaomjua tangu zamani wanasema hakuwa hivi. Tuseme ukweli: alikuwa hivi, ila ng'ombe walikuwa wanamficha. Alipokuwa na mifugo kule malisho ya upande wa Lokichoggio, alikuwa na dume moja mweupe, pembe moja imekunjwa mbele na nyingine nyuma, na watu walimwita Ebenyo kwa jina la huyo dume: Apalokwang', baba wa yule mweupe. Mturkana akipata ng'ombe wa namna hiyo amepata jina, amepata wimbo, na kwenye densi anainua mikono juu kama zile pembe na watu wanajua nani amefika. Halafu ukaja ule ukame mrefu wa juzi. Mweupe akaanguka, na wengine wakamfuata. Ebenyo akamwacha binti yake Awoi, ambaye mama yake alifariki zamani, kwa kaka yake Lotiir huko Kakuma, akateremka Lodwar kutafuta kazi. Na tangu siku hiyo hakuna aliyemwita Apalokwang', kwa sababu mtu akijaribu, yeye alikuwa anageuka kuangalia nyuma kama anayeitwa ni mwingine.

Sasa, Awoi akapata mchumba, kijana wa kwa mzee Ekwam. Akampigia baba yake simu.

"Apa, watu wa Ekwam wanakuja kuleta mifugo ya mahari mvua ikiisha. Siku hiyo watauliza baba ya msichana ni nani. Utasimama?"

"Lotiir yuko hapo."

"Lotiir ni kaka yako."

"Lotiir anajua kuongea."

"Mimi sijauliza nani anajua kuongea."

Ebenyo akanyamaza. Kwenye simu mtu huyu alikuwa ananyamaza vizuri sana, unaweza kufikiri mtandao umepotea.

"Haya," akasema Awoi. "Basi nitaolewa kama yatima, na baba yangu amekaa pale kwa moshi ananiangalia."

Simu ikakatwa. Na tumbo likaanza kumuuma hapo hapo.

Liliuma likauma. Mama Wanjugu akampa dawa ya minyoo, akampa soda, akampa ruhusa ya kwenda kliniki, na hiyo ya mwisho ndiyo iliyoonyesha kwamba mambo ni mabaya. Daktari akambonyeza, akapima damu, akapima choo. Hakuna kitu. Akamwuliza, "Mzee, unalala usiku?"

"Mimi ni wachimani."

Daktari akaona hilo swali limekwama. Akamwuliza kama kuna jambo linamsumbua, Ebenyo akasema hapana, hakuna, na machozi yakamtoka, naye akasema ni vumbi. Daktari akampeleka chumba cha mwisho, kwa kaunsela, Madam Sylvia. Ebenyo hakutaka. Alienda kwa sababu hakujua kukataa, maana yake ni kwamba ugonjwa wenyewe ndio uliompeleka kwa matibabu.

Madam Sylvia alikuwa mtu wa Vihiga, bado kijana, anaongea haraka na anacheka haraka. Kiswahili chake cha Vihiga na kile cha Ebenyo cha Turkana vilikutana katikati, vyote viwili vinachechemea, vikasalimiana. Ebenyo akaketi kwenye ncha ya kiti, kama mtu aliyeambiwa amshikie mwenye kiti nafasi.

Siku ile hawakufika mbali. Siku iliyofuata Madam akauliza, "Mzee, huyu Ebenyo ni mtu wa aina gani?"

"Ni mkia."

"Mkia vipi?"

Basi ikatoka, kidogo kidogo. Alipokuwa mtoto alilala akichunga, fisi akaingia kwa mbuzi. Baba yake, mzee Lomorukai, hakumpiga. Afadhali angempiga. Alimwangalia tu, akamwambia Lotiir mbele ya watu wote, "Wewe ni kichwa. Huyu ni mkia. Kila mnyama ana mkia, tutafanya nini." Watu wakacheka. Mzee alikufa zamani, na yule fisi pia bila shaka alikufa, lakini neno lilikuwa bado linakula.

"Na ukaona ni kweli?" Madam akauliza.

"Ukame ulikuja ukaonyesha ni kweli. Nilipoteza ng'ombe wote."

"Ukame ulifika kwa Lotiir?"

"Ulifika."

"Alipoteza?"

"Alipoteza. Alibaki na ngamia tu."

"Kwa hivyo Lotiir naye ni mkia."

Ebenyo akashtuka kama ametukaniwa kaka. "Hapana, Madam. Lotiir alipigwa na ukame."

"Na wewe?"

"Mimi nilipoteza."

Madam Sylvia aliliacha hilo neno likae pale juu ya meza. Ebenyo naye akaliangalia, na baada ya muda akajikuna kichwa, kwa sababu hata mtu ambaye hakuenda shule anaweza kuona mzani ukiwa umeinamia upande mmoja.

"Unaona, mzee," Madam akasema, "wewe una sheria mbili. Moja ya watu wote, na nyingine yako peke yako, kali. Uliambiwa neno ukiwa mtoto, ukalibeba. Na ili watu wasione huo mkia, ukajiwekea masharti: kaa nyuma, sema ndiyo, usionekane. Sasa ni kama mtu aliyeambiwa kisima fulani kina nyoka. Miaka yote hajaenda kuangalia, na kila jioni anashukuru hajaumwa."

Ebenyo akacheka kidogo, kwa pua. Hiyo aliipenda. Alirudi nayo hadiwea, akaizungusha kichwani wakati anabeba simiti.

Hadi hapo Madam Sylvia alikuwa amefanya kazi safi. Halafu akakosea.

Alimwambia, "Leo nataka uniambie kitu kizuri juu yako. Kimoja tu." Ebenyo akafikiri, akaweka mikono juu ya magoti, akaanza. Akaeleza juu ya mweupe. Rangi yake, kwamba ilikuwa nyeupe mpaka mchana unafumba macho. Shingo yake. Jinsi alivyokuwa anatembea mbele ya wengine kwenda majini bila kusukumana. Sauti ya Ebenyo ikaanza kupanda, mgongo ukaanza kunyooka, na Madam, ambaye alifundishwa chuoni kwamba wagonjwa hukimbia swali kwa hadithi, akamkatiza kwa upole.

"Asante, mzee. Lakini tuache ng'ombe kidogo. Turudi kwako."

Ebenyo akarudi kwenye ncha ya kiti.

Alipokuja tena ikawa hivyo hivyo. Kitu kizuri juu yako? Pembe. Tuache pembe. Unajivunia nini? Kengele ya mbao aliyomchongea mweupe. Tuache kengele. Madam akawa anawaza mzee huyu ana ukuta mgumu sana. Ebenyo akawa anawaza hata hapa, kwa mtu anayelipwa na serikali kumsikiliza, hasikilizwi. Akakosa kuja. Madam akatuma ujumbe: "Mzee, nakungoja." Ebenyo, unamjua, akaja.

Aliingia akakaa. Madam akasema, kwa ile sauti ya pole, "Tuanze tena. Sahau ng'ombe. Niambie juu ya Ebenyo."

Na Ebenyo akakasirika.

Hakupiga meza. Yeye hukasirika kwa kunong'ona. Lakini alimtazama Madam usoni, ambayo hajawahi, akasema, "Madam, tangu siku ya kwanza mimi niko naongea juu yangu. Ni wewe unakataa."

"Nakataa nini, mzee?"

"Mimi nikisema juu ya mweupe nasema juu ya nani? Mturkana akisimama aseme 'mimi ni mzuri, mimi ni hodari', watu watamfunga kamba wafikiri amepata wazimu. Mwanaume anaimba ng'ombe yake. Wenye masikio wanajua anaimba nani."

Feni ikazunguka. Halafu Madam Sylvia akaweka mkono mdomoni, na Ebenyo akafikiri amemliza, kumbe anacheka, lakini anajicheka yeye.

"Pole, mzee. Kila ukifika mlangoni mimi nakufukuza, halafu nakuuliza mbona huingii."

"Si neno," akasema Ebenyo.

"Ni neno. Usiniachie hivi hivi. Umenikasirikia, na ulikuwa na haki."

Ebenyo akaangalia mikono yake. Amekasirika mbele ya mtu mwenye ofisi, na dari iko palepale juu.

"Haya," akasema Madam, "niambie mweupe alitoka wapi."

Alitoka chini. Alikuwa ndama aliyeachwa na mama, miguu kama ya mbu, na mzee Lomorukai alikuwa amesema achinjwe kabla hajakufa bure. Ebenyo alimnywesha maziwa ya mbuzi kwa kiganja. Akamtoa nje kila asubuhi. Alipokua, akazifunga zile pembe kwa ngozi, akazilegeza, akazifunga tena, kazi ambayo ukikosea mnyama anakufa au anakuwa kichekesho. Kiangazi akachimba kwenye laga ya Tarach, ule mto wa mchanga mkavu, mpaka kisima kikawa kinahitaji watu wasimame mmoja juu ya mwingine kupandisha maji, na yeye ndiye aliyesimama chini kabisa, pale mchanga unapoangukia.

"Huyo ng'ombe alijifunga pembe mwenyewe?" Madam akauliza.

"Hapana."

"Alijichimbia maji?"

Ebenyo akacheka, safari hii kwa mdomo. "Ng'ombe atashika jembe na nini?"

"Basi nani alifanya?"

Ebenyo hakusema ni mkia aliyefanya.

Madam akamwomba aimbe. Ebenyo akakataa, halafu akasimama, halafu akakaa, halafu akasimama tena, akainua mikono, mmoja mbele mmoja nyuma, na akaimba. Sauti yake, tusidanganyane, ni kama mlango wa lori. Lakini ilijaa kile chumba ikavuka dirisha ikafika kwa foleni ya watu waliokuwa wanangoja, na huko nje mama mmoja aliyekuwa na mtoto wa kuchanjwa akapiga vigelegele. Ebenyo akanyamaza ghafla, mikono bado iko juu.

"Wanacheka."

Madam akafungua mlango. "Mnacheka nini?"

"Tunacheka nani?" akasema yule mama. "Mbona amenyamaza? Hajafika kwa mkia wa ng'ombe."

Siku hiyo ndiyo Ebenyo alipomweleza juu ya simu ya Awoi, na Madam akamwuliza: "Ukisimama mbele ya hao watu, nini itatokea?"

"Watacheka."

"Na wakicheka?"

Ebenyo alitafuta, akatafuta. "Hapo sijawahi kufika," akasema.

"Basi hapo ndipo tunaenda. Lakini tuanze na kilima kidogo."

Kilima kidogo kilikuwa Mama Wanjugu. Ebenyo alikuwa na hakika kwamba akimkatalia jambo moja tu, atafukuzwa kazi hiyo hiyo siku. Madam akasema, sawa, hiyo ni imani. Twende tukaiangalie kama ni kweli. Jumatatu Mama Wanjugu akatoka na ndoo. "Ebenyo, gari."

"Mama, leo hapana." Jasho lilikuwa linamtiririka mgongoni. "Nimekesha. Nataka kulala."

Mama Wanjugu akasimama na ndoo yake. "Kumbe hupendi kuosha gari?"

"Sipendi."

"Na mbona miaka hii yote hukusema? Mimi nilifikiri unapenda. Nilikuwa nikimwambia mume wangu, huyu Ebenyo ukimnyima gari atanung'unika." Akaweka ndoo chini. Akafikiri. "Na simiti?"

"Simiti pia sipendi, Mama."

"Usizidishe," akasema Mama Wanjugu, na akaenda kutafuta wa kuosha gari. Ebenyo akalala usingizi mpaka saa sita, na alipoamka tumbo lilikuwa linauma kwa njaa tu.

Usifikiri kuanzia hapo ilikuwa mteremko. Wiki iliyofuata aliosha gari tena, bila kuombwa, kwa hofu. Alimwambia Madam kwa aibu, na Madam akamwambia mtu aliyetembea upande mmoja tangu utotoni hawezi kugeuka siku moja, hata punda hawezi. Wakaendelea. Akajifunza kusalimia wa kwanza. Alikuwa akisema "ejok" kwa mtu asiyemjua na kungoja aone kama atapuuzwa. Wengine walimpuuza. Wengi walijibu, "Ejok nooi," na wakaendelea na safari yao, na hiyo pia ilikuwa somo, kwamba watu wana shughuli zao na hawakuamka asubuhi ili kumpima Ebenyo.

Mvua ikaisha. Siku ikafika. Madam Sylvia alimpa mkono mlangoni, akamwambia, "Mzee, mimi sitakuwa huko. Tumbo likiuma?"

"Litauma," akasema Ebenyo. "Nitaenda nalo."

Kakuma, kwa Lotiir, watu walikuwa wamejaa. Lotiir alikuwa amevaa kofia yenye manyoya ya mbuni na shuka mpya, kwa sababu mtu hawezi kusimama kama baba akiwa amevaa ya kila siku. Si kwa ubaya. Alikuwa amemlea Awoi, na alikuwa amemjua ndugu yake maisha yote. Wakasalimiana. Lotiir akamwangalia, akasema kwa upole, "Nimekuwekea nafasi nzuri," na kumwonyesha kando, karibu na moto wa nyama.

Ebenyo akaenda akakaa. Ndiyo, alienda. Moshi ikamfuata kama mbwa anayemjua. Wazee wa kwa Ekwam wakaketi upande wao, wa kwa Lomorukai upande wao, mifugo imesimama nyuma inapiga vumbi, na Awoi amesimama na wanawake, shanga mpaka kidevuni, hatazami kule kwenye moshi hata kidogo. Mzee Ekwam, mtu mkavu mwenye fimbo ndefu na maneno mafupi, akauliza, "Baba ya msichana yuko wapi?"

Lotiir akarekebisha kofia. Akaweka mkono kwenye goti ainuke.

Ebenyo alisema baadaye kwamba hakuamua. Alikuwa bado anahesabu sababu za kukaa wakati miguu ilishasimama. Na kwa vile ni mrefu, akisimama amesimama. Hakuna namna ya kujificha nusu.

"Ni mimi," akasema. Haikusikika. Akakohoa moshi. "Mimi ndiye baba ya Awoi."

Lotiir akabaki amening'inia katikati, si amekaa, si amesimama. Na Mzee Ekwam akacheka. Kweli kabisa, ile kitu Ebenyo aliogopa toka utotoni, ikatokea. "Huyu? Huyu si ni wachimani wa duka la Lodwar? Mimi nilinunua misumari hapo, akanibebea mpaka kwa gari."

Vijana wa kwa Ekwam wakacheka nao. Hata upande wake, mtu mmoja akacheka halafu akajifanya anapiga chafya. Ebenyo akasimama ndani ya kicheko hicho, anangoja kuona kitamfanya nini. Kilikuwa na joto. Kilipita masikioni. Tumbo liliuma kama lilivyoahidi. Halafu watu wakamaliza kucheka, kwa sababu kicheko huisha, na yeye alikuwa bado hapo.

"Ni mimi," akasema. "Misumari yako ilikuwa mizito. Sasa nionyeshe mifugo."

Hapo hata Ekwam alikaa sawa. Ebenyo akapita katikati ya watu, akaingia kwa mifugo. Na hapo, bwana, ungemwona. Hakuwa na haraka tena. Alipapasa mgongo wa huyu, akafungua mdomo wa yule, akasikiliza pumzi. Kwa mbuzi akaguna tu, akapita. Akafika kwa ngamia. Katikati kabisa, pale wenye mifugo huweka kile hawataki kionekane, kulikuwa na ngamia jike, kichwa juu, amepakwa mafuta anang'aa. Ebenyo akaweka mkono chini ya kwapa la mguu wa mbele, akausugua, akanusa vidole.

"Huyu ana upele. Mmempaka mafuta. Arudi."

Lotiir akamjia karibu na kumnong'oneza, "Ndugu yangu, usiharibu. Pokea tu, ni ngamia mmoja. Watakasirika."

"Watakasirika," akakubali Ebenyo. "Akikaa usiku mmoja na ngamia wako, wako pia watajikuna."

Lotiir akafikiria ngamia wake, wale wale waliomwokoa kwenye ukame. Akarudi nyuma hatua moja, akavua ile kofia ya mbuni, akaishika mkononi.

"Unatukosea heshima," akasema Ekwam.

"Hapana, mzee. Msichana wangu si wa upele. Mlete mwingine, ama leo tule nyama tuachane salama."

Hapo ndipo Awoi alimtazama. Watu wa kwa Ekwam wakaenda kando, wakateta, fimbo zikapiga chini, mmoja akarusha mkono kuelekea barabara ya kwenda kwao. Ebenyo aliwaangalia akijua kabisa kwamba wanaweza kuondoka, na kwamba akipoteza harusi hii itasemwa hadi Lowarengak. Hakutabasamu ili kuwalainisha. Alisimama tu, na hiyo ilikuwa kazi ngumu kuliko kisima cha Tarach.

Wakarudi. Ngamia mwenye upele akatolewa, analia kama ndiye aliyedhulumiwa, na kijana akaleta mwingine, mweusi kidogo, nundu imesimama.

"Baba ya Awoi," akasema Ekwam, fimbo mbele, sauti bila asali. "Angalia huyu."

"Nitamwangalia," akasema Ebenyo.

Akamzunguka polepole, kutoka kichwa mpaka kwato, akainama akatazama tumbo, akanyoosha mgongo, akamzunguka tena kwa upande wa pili, na wazee wa pande zote mbili wakakaa juani wakimngoja amalize.